Kuhifadhi Sodiamu, Potasiamu na Lithiamu: Mwongozo kwa Maabara ya Shule

Ingia katika stoo ya maabara ya sekondari yenye umri wa miaka kadhaa, na huenda ukaikuta: chupa ya kioo iliyosukumwa nyuma ya rafu, lebo imefifia, mafuta yamepungua, na donge la kijivu limechomoza juu. Mwalimu aliyeiagiza alishahamishwa. Aliyempokea hakuambiwa kitu. Wanafunzi wanaingia na kutoka humo humo wakifuata bika na neli za majaribio.

Mwongozo huu ni wako wewe mwalimu wa kemia, fundi sanifu wa maabara, au mkuu wa shule unayetia saini oda za kemikali. Unahusu metali zinazowaka zikigusa maji: jinsi ya kuziweka, kuzikagua, kuzitoa na kuziondoa. Ukisahau mengine yote, shika hili: metali hizi hazihifadhiwi siku ya kununuliwa tu. Huhifadhiwa kila mwezi. Chupa inayotumika na kukaguliwa ina hatari ndogo kuliko ile ambayo haijaguswa kwa miaka mitano.

KWANZA, KWA NINI

Sodiamu, potasiamu na lithiamu huitwa metali za alkali. Kila atomu yake ina elektroni moja tu katika ganda la nje, nayo huiachia upesi. Ikikutana na maji, mambo matatu hutokea kwa mpigo: joto kali, hewa ya haidrojeni inayowaka, na hidroksidi. Hidroksidi ya sodiamu ndiyo kostiki soda wanayotumia watengeneza sabuni, na huunguza ngozi na macho.

Pima ukubwa wa jambo lenyewe. Gramu 23 za sodiamu ni kipande chenye ukubwa wa kiberiti kimoja hivi. Kikiangukia kwenye ndoo ya maji hutoa karibu lita 12 za haidrojeni na gramu 40 za kostiki. Sodiamu huyeyuka kwenye nyuzi 98 za Selsiasi, kwa hiyo joto la mmenyuko wenyewe huigeuza tone linalokimbia juu ya maji. Potasiamu huyeyuka mapema zaidi, kwenye nyuzi 63 hivi, na haidrojeni yake huwaka papo hapo.

Usitegemee wepesi wa mkono wako. Mwaka 2015, kundi la watafiti akiwemo Pavel Jungwirth wa Prague lilipiga picha za kasi kubwa za mmenyuko huu. Zilionyesha kwamba metali huanza kuchomoza miiba pande zote ndani ya muda usiofika hata elfu moja ya sekunde, kwa sababu elektroni huikimbia kwa wingi na kuiacha na chaji chanya inayojisukuma yenyewe. Hakuna binadamu anayeweza kurudi nyuma kwa kasi hiyo. Kinga yote hufanywa kabla.

Hewa yenye unyevu hufanya kazi ile ile polepole. Ndiyo maana chupa iliyoko Tanga, Mombasa au Unguja yahitaji jicho la karibu zaidi kuliko iliyoko nyanda kavu za juu.

Humphry Davy alipozipata potasiamu na sodiamu mjini London mwaka 1807, alikutana na shida hii mara moja. Alichogundua ni kwamba nafta, mafuta yatokanayo na petroli ya ardhini, haizidhuru. Mpaka leo tunafuata njia hiyo, tukiiongezea kinga mbili. Kinga zako basi ni tatu: mafuta yanayozuia hewa na maji, chombo kinachozuia mafuta yasipotee, na mahali panapozuia ajali isifike kwenye chombo.

ZIJUE METALI ZAKO

Usiziweke zote kwa namna moja. Tofauti yao kubwa ni uzito na aina ya ukoko unaojitokeza juu yao.

• Sodiamu. Sentimita moja ya ujazo ina gramu 0.97. Mafuta ya taa yana gramu 0.8 hivi, kwa hiyo sodiamu huzama na kubaki imefunikwa. Ndiyo rahisi kuitunza.

• Potasiamu. Ina gramu 0.86. Huzama katika mafuta ya taa, lakini katika mafuta mazito ya parafini huweza kuelea. Hatari yake kubwa zaidi ni kwamba hata ikiwa ndani ya mafuta, oksijeni kidogo inayopenya humo huiwekea ukoko wa manjano au wa rangi ya chungwa, uitwao supaoksidi. Ukoko huo ukikandamizwa kwa kisu dhidi ya metali au mafuta huweza kulipuka. Kama mtaala hauilazimu, usiagize potasiamu kabisa.

• Lithiamu. Ina gramu 0.53 tu, hivyo huelea juu ya mafuta yote tuliyoyataja na kuacha mgongo wazi. Vilevile humenyuka na naitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta. Ipake vaselini pande zote, uitumbukize katika mafuta ya parafini, na ujaze chupa ili nafasi ya hewa iwe ndogo.

• Kalsiamu. Haihitaji mafuta. Kopo kavu lisilopitisha hewa latosha.

• Magnesiamu ya utepe. Iweke pakavu, mbali na asidi. Magnesiamu ya unga ni hatari zaidi, kwa kuwa huwaka kwa cheche ndogo.

• Rubidiamu na siziamu. Hizi si za shule. Huuzwa ndani ya vidonge vya kioo vilivyofungwa kwa moto. Siziamu huyeyuka kwenye nyuzi 28.5, kumaanisha kwamba mchana wa kawaida wa Dar es Salaam ingekuwa majimaji. Ukikuta kidonge cha namna hiyo, usikifungue. Toa taarifa.

VITU VYA KUANDAA

☐ Chupa ya kioo kinene yenye mdomo mpana na kifuniko cha kukaza
☐ Kopo la bati lenye kifuniko, kubwa kuliko chupa. Kopo safi la maziwa ya unga lafaa
☐ Mchanga mkavu wa kujaza kati ya chupa na kopo
☐ Mafuta ya parafini kutoka duka la dawa, au mafuta ya taa safi
☐ Kibano kirefu, kisu na kigae, vyote vikavu kabisa
☐ Miwani ya kinga inayofunika pembeni, glovu kavu, koti la pamba
☐ Ndoo ya mchanga mkavu yenye kifuniko
☐ Daftari la ukaguzi na kalamu isiyofutika

Mafuta ya parafini ni bora kwa sodiamu na lithiamu kwa sababu hayakauki upesi. Mafuta ya taa huvukiza, na aina nyingine mvuke wake huweza kuwaka kuanzia nyuzi 38, joto ambalo stoo ya bati haikosi kulifikia. Ukiyatumia, kagua kina chake mara nyingi zaidi.

KUWEKA METALI KATIKA CHUPA MPYA

1. Chagua siku isiyo na mvua. Funga bomba la karibu, kausha meza, ondoa moto wowote, na usifanye kazi hii peke yako.

2. Osha chupa siku moja kabla, kisha ikaushe kabisa. Tone moja lililojificha chini ya shingo latosha kuharibu kazi.

3. Mimina mafuta nusu ya chupa. Yaangalie dhidi ya mwanga. Ukiona matone chini au ukungu, yana maji, usiyatumie.

4. Tazama metali kabla ya kuigusa. Soma kisanduku cha rangi hapa chini. Kama si salama, simama hapo.

5. Hamisha kipande kimoja kimoja kwa kibano. Usimimine.

6. Ongeza mafuta mpaka yapite juu ya metali kwa sentimita 2 au zaidi. Weka alama ya kina kwa kalamu nje ya chupa.

7. Kaza kifuniko, futa chupa, ibandike lebo.

8. Isimamishe ndani ya kopo, zungushia mchanga mkavu, funga kopo, kisha bandika lebo ya pili nje yake.

MFANO WA LEBO
Sodiamu, gramu 50, ndani ya mafuta ya parafini
HATARI: HUWAKA IKIGUSA MAJI
Moto: USITUMIE MAJI, POVU WALA KABONI DAYOKSAIDI
Tarehe ya kupokelewa / kufunguliwa / kukaguliwa mwisho
Jina la cheo cha anayehusika

MAHALI PA KUWEKA

Kabati liwe na kufuli, na funguo zisizidi mbili. Rafu iwe chini ya usawa wa macho ili anayetoa kopo asilipokee kichwani, lakini isiwe sakafuni, kwa sababu mvua ya masika ikiingia, sakafu ndiyo hulowa kwanza. Usichague kabati la chini ya sinki wala ukuta unaopitisha bomba. Angalia na dari: bati linalovuja linatosha kubatilisha uangalifu wako wote.

Majirani nao wana maana. Weka mbali:

• asidi zote na vimiminika vyenye maji;
• iodini, salfa, nitrati na pamanganeti ya potasiamu;
• klorofomu na tetrakloridi ya kaboni. Shule nyingi huwa na klorofomu kwa ajili ya kuulia wadudu wa somo la biolojia. Ikichanganyika na sodiamu au potasiamu huweza kulipuka kwa mtikisiko tu.

UKAGUZI WA KILA MWEZI

Ukaguzi wenyewe ni mfupi, lakini ndio unaobeba mwongozo huu wote. Panga siku isiyobadilika, mathalani Jumatatu ya kwanza ya mwezi, na hata wakati wa likizo ndefu apangwe mtu.

1. Fungua kopo la nje. Nusa: harufu kali ya mafuta huashiria chupa inavuja au kifuniko kimelegea.
2. Linganisha kina cha mafuta na alama yako. Yakipungua, ongeza siku hiyo hiyo, lakini baada ya kusoma rangi (hatua ya 3) na kuona ni salama kufungua.
3. Tazama metali kupitia kioo, bila kufungua chupa. Andika rangi unayoiona.
4. Tazama chini ya chupa. Matone ya maji au viputo vinavyopanda ni dalili ya hatari.
5. Tikisa ndoo ya mchanga. Ukishikamana kwa mabonge, umenyonya unyevu, ukaushe upya.
6. Andika tarehe na utie saini.

KISANDUKU: SOMA RANGI KABLA YA KUGUSA

Sodiamu ya kijivu au yenye ukoko mweupe: kawaida. Inaweza kutumika.

Sodiamu yenye ukoko mnene wa manjano: usiikate. Itenge na kuiombea uondoaji.

Potasiamu ya kijivu, yenye ukoko mweupe mwembamba: iangaliwe kwa makini. Ikiwa ina zaidi ya mwaka mmoja tangu ifunguliwe, panga kuiondoa.

Potasiamu yenye ukoko wa manjano, chungwa au nyekundu: USIKATE, USIKWARUZE, USIGONGE, USIFUNGUE CHUPA. Funga kabati, weka tangazo, toa taarifa.

Lithiamu iliyogeuka nyeusi: imeanza kuliwa na hewa. Kipande cha ndani huweza kuwa kizima, lakini usikiache hivyo.

Metali yoyote iliyochomoza juu ya mafuta kwa muda usiojulikana: ichukulie kuwa hatari mpaka mtaalamu aseme vingine.

KUTOA KIPANDE KWA AJILI YA SOMO

Ajali nyingi huweza kuzuilika hapa, kwa sababu hapa ndipo chupa hufunguliwa.

1. Kata kipande kabla ya kipindi, wanafunzi wakiwa nje. Maji yawe mbali, upande mwingine wa chumba.
2. Vaa miwani. Asiyevaa miwani asikaribie.
3. Toa donge kwa kibano, lipanguse mafuta kwa karatasi kavu ya kuchujia, liweke juu ya kigae.
4. Kata kipande kisichozidi milimita 4 kwa sodiamu na milimita 3 kwa potasiamu. Kwa jaribio la kuonyesha darasa, hicho kinatosha. Kikubwa zaidi hakifundishi zaidi.
5. Rudisha donge ndani ya mafuta papo hapo, funga, na urudishe chupa stoo. Ndipo uchukue maji.
6. Karatasi uliyopangusia usiitupe kwenye pipa. Ina chembe. Iweke kwenye kigae nje, penye uwazi, uilowanishe kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, na usiiondoe mpaka viputo vyote viishe.
7. Andika daftarini kiasi ulichotoa. Mwanafunzi asipewe kipande mkononi, wala chupa isiachwe mezani wakati wa kipindi.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

Kutumia chupa ya maji ya kunywa. Mafuta ya taa yasiyo na rangi ndani ya chupa ya maji humdanganya mwenye kiu. Aidha plastiki nyingine hulainika kwa mafuta.

Kutumia mafuta ya kula. Yana asidi na chembe za maji, nayo humenyuka na metali.

Kutumia spiriti. Ina maji, na alkoholi yenyewe humenyuka na sodiamu.

Kuagiza kiasi kingi kwa sababu bei ya jumla ni nafuu. Agiza cha mwaka mmoja. Kitakachobaki kitakugharimu zaidi kukiondoa.

Kuvunja betri ili kupata lithiamu. Wanafunzi huona jambo hili kwenye video na kutaka kulijaribu. Betri huweza kupata shoti, kuwaka na kutoa moshi wenye sumu. Wakataze waziwazi, na uwaeleze sababu.

MOTO UKITOKEA

Mtu akiona moto hukimbilia maji. Kwa metali hizi maji ni kuni. Povu lina maji ndani yake, na kaboni dayoksaidi nayo huwa chakula cha sodiamu, potasiamu na magnesiamu zinazowaka. Hata mtungi wa poda wa kawaida uliotundikwa ukutani haukutengenezwa kwa moto wa metali. Unaohitajika ni wa daraja D. Shule isiyo nao ijiandae hivi:

1. Weka karibu na meza ndoo ya mchanga wa mto uliooshwa, uliochekechwa na kukaangwa mpaka usitoe mvuke. Mchanga wa ufukweni una chumvi inayovuta unyevu.
2. Chumvi ya mezani iliyokaushwa hufaa kwa sodiamu. Magadi soda ya viwandani, iliyokauka, hufaa kwa sodiamu na potasiamu. Magadi ghafi ya sokoni hayafai, kwa kuwa yamebeba maji ndani ya fuwele zake.
3. Kwa lithiamu mchanga si tiba ya uhakika, maana lithiamu iliyoyeyuka huushambulia. Tumia unga mkavu wa grafiti.
4. Moto ukiwa mdogo, funika taratibu kuanzia kingo ukielekea katikati. Usirushe kwa nguvu, utatawanya metali.
5. Ukiwa mkubwa kuliko sahani, usipigane nao. Toa watu, funga mlango, piga simu. Tanzania Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Kenya ni 999. Tamka kwanza kwamba kuna sodiamu au potasiamu ndani, wasije na maji.
6. Baada ya moto kuzima, usichokoe majivu. Chini ya ukoko huweza kubaki metali nzima.

IKIMGUSA MTU

Ngozi: ondoa chembe zote kwanza kwa kibano kikavu au kitambaa kikavu, bila kusugua. Kisha osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20. Vua nguo zilizolowa mafuta.

Macho: usipoteze muda. Osha kwa maji mengi yanayotiririka, kope zikiwa zimefunguliwa, kwa dakika 20 au zaidi, mpeleke hospitali, na ikiwezekana endelea kuosha njiani. Kostiki huendelea kula jicho hata maumivu yakipungua.

KUONDOA MABAKI

Mwaka 1947 nchini Marekani, mapipa ya sodiamu iliyobaki baada ya vita yalisukumwa makusudi ndani ya ziwa Lenore, jimbo la Washington, na tukio likapigwa filamu. Filamu hiyo isikushawishi. Shule haina haki ya kutupa metali hizi mtoni, chooni, shimoni wala kwenye jalala.

Kwa vipande, na kwa potasiamu ya aina yoyote, omba msaada. Tanzania andika kwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kenya wasiliana na mamlaka ya mazingira, NEMA, kuhusu taka hatarishi. Taja metali, uzito, umri, rangi ya ukoko na hali ya chupa.

Chembe safi za sodiamu, zisizozidi gramu moja kwa jumla, fundi aliyefunzwa anaweza kuzimaliza hivi:

1. Fanya kazi nje, kivulini, mbali na moto, watu wawili, miwani na glovu zikiwa zimevaliwa.
2. Weka mililita 50 za alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 katika bika kubwa. Ile ya asilimia 70 ya duka la dawa ni marufuku. Karibu theluthi yake ni maji.
3. Tia chembe moja isiyozidi punje ya mchele. Subiri iishe kabisa ndipo utie nyingine.
4. Usifunike bika. Haidrojeni inahitaji pa kutokea.
5. Viputo vikikoma, acha saa kadhaa, kisha chunguza kama kuna chembe iliyobaki. Ikiwa haipo, mimina mchanganyiko kidogo kidogo ndani ya ndoo ya maji. Kumbuka sasa ni kostiki. Usiuguse kwa mikono mitupu.

KABLA HUJAHAMA, KABIDHI

Walimu huhama, chupa hubaki. Kwa hiyo kazi ya kuhifadhi haijakamilika mpaka anayefuata ajue alichoachiwa. Mkuu wa shule asitie saini fomu ya makabidhiano ya maabara mpaka mambo haya yawe yametimizwa:

☐ Anayetoka na anayeingia wametazama kila chupa kwa macho yao, pamoja
☐ Uzito, rangi na kina cha mafuta vimeandikwa daftarini siku hiyo
☐ Funguo zote mbili zimehesabiwa
☐ Anayeingia ameonyeshwa ndoo ya mchanga na kueleza mwenyewe kwa nini maji hayatumiki
☐ Chupa yenye ukoko wa manjano au chungwa imetengwa na barua ya kuiondoa imeshatumwa
☐ Siku ya ukaguzi ujao imetajwa, pamoja na mhusika wake

Kama umefika hapa na hujui hali ya chupa iliyoko stoo kwako leo, anza nayo. Itazame kupitia kioo bila kuifungua, soma rangi, andika tarehe. Huo ndio ukaguzi wako wa kwanza; wa pili ni mwezi ujao.